Jinsi ya kuwafundisha mama walezi kutoa dawa salama kwenye makao ya watoto

Naandika hii kwa wenzangu mnaosimamia makao ya watoto ya mtindo wa familia hapa Tanzania, yale yenye nyumba nyumba, kila nyumba na mama mlezi wake na watoto 8 au 10, na shangazi anayeshika nafasi mama akienda likizo. Mimi ni muuguzi na kazi ya kufundisha akina mama hawa kutoa dawa nimeifanya muda sasa, kuna nilichokosea na kuna kilichofanya kazi, naweka vyote hapa.

Kwanza kabisa elewa unamfundisha nani. Mama mlezi mara nyingi ni mtu mzima, kakuzidi umri, kalea watoto wake na wa wenzake, na dawa ametoa miaka yote kwa kichwa. Nyumbani kwenye watoto watatu kichwa kinatosha, anajua nani kameza nani bado. Sasa mpe watoto 9, wanne wana dawa za kila siku, mmoja kifafa, mmoja sikoseli, wawili ARV, yaani dawa za virusi vya UKIMWI, alafu msimu wa mvua watatu wanaanguka na malaria wiki moja, hapo kichwa cha mtu yeyote kinashindwa, hata changu mimi niliyesomea. Kwahiyo mafunzo yako yote yalenge jambo moja tu, kuitoa dawa kichwani kwa mama na kuiweka kwenye karatasi na kwenye mkono uliozoea. Nasema mkono maana mtu akikujibu vizuri darasani haimaanishi anapima vizuri usiku umeme umekatika na mtoto analia.

Usianze na projekta. Nenda nyumbani kwake, msalimie shikamoo yako vizuri, kaa chini, alafu mwambie mama naomba unionyeshe unavyompa dawa huyu mdogo, mimi niangalie tu. Siku yangu ya kwanza kwenye nyumba moja mama aliniambia "mwanangu, mimi nimelea watoto kabla hujazaliwa", nikamwambia ni kweli mama, ndo maana nimekuja kuona unavyofanya. Akachukua chupa ya sirapu ya paracetamol, akachukua kijiko kwenye kikapu cha vyombo, akamimina. Kilikuwa kijiko cha chakula. Hakubisha wala hakunificha, kwake kile ndo kijiko cha dawa miaka yote.

Hapo ndo pa kuanzia mafunzo, kwenye kijiko. Kusanya vijiko vyote vya nyumba zote, weka mezani na ndoo ya maji na sirinji za plastiki zisizo na sindano, kila mama ajaze kijiko chake alafu avute yale maji na sirinji asome mwenyewe. Utaona kijiko cha chai kimoja kinasoma mililita 3, kingine 6, cha chakula kinafika 15. Usiseme neno, wataanza kuulizana wenyewe. Alafu wapigie hesabu: sirapu ya paracetamol ya kawaida ina miligramu 120 kwenye kila mililita 5, mtoto wa kilo 12 dozi yake ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 120 mpaka 180, ambayo ni mililita 5 mpaka 7 na nusu. Kile kijiko cha chakula cha mililita 15 kimempa 360, mara mbili ya kiwango cha juu kabisa, na mama huyo huyo akirudia kila masaa manne kwa sababu homa haijashuka, akaongeza na dawa ya mafua ya mchanganyiko ambayo nyingi nazo zina paracetamol ndani, huyo mtoto ini lake lipo hatarini. Na ubaya wa paracetamol ni kwamba mtoto aliyezidishiwa siku ya kwanza anaweza kucheza kama kawaida. Waambie hilo mara mbili, tatu. Paracetamol kwa mtoto ni angalau masaa manne kati ya dozi na dozi, na isizidi mara nne kwa masaa 24, basi.

Baada ya zoezi hilo toa vijiko vyote kwenye habari ya dawa. Kila mtoto mwenye dawa ya maji awe na sirinji yake au kikombe kidogo cha kupimia, kimeandikwa jina, kinaoshwa, kinakauka, kinarudi kwenye boksi lake. Weka na alama ya kalamu isiyofutika au kipande cha plasta kwenye mstari wa dozi yake, usiku inasaidia mnoo, ila uzito ukibadilika na dozi ikabadilika ile alama ya zamani ing'olewe siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kusoma, na hapa ndo pananiuma zaidi maana kosa kubwa nililowahi kuliona lilianzia kwenye karatasi niliyoandika mimi mwenyewe. Niliandika kwenye daftari la nyumba, dawa ya kifafa, 8:00, nikimaanisha saa 2 asubuhi kama tunavyoandika wodini. Mama akampa mtoto dawa baada ya uji kama kawaida yake. Akaondoka kwenda kliniki na mtoto mwingine, shangazi akashika zamu, akafungua daftari akaona 8:00, na sisi Waswahili saa 8 ni mchana, akampa tena saa 8 mchana. Mtoto alilala mpaka jioni haamki vizuri, tukakimbia naye hospitali, wakamkalisha usiku kucha chini ya uangalizi, akaamka salama. Shangazi alilia sana na hakuwa na kosa, alisoma kilichoandikwa kwa lugha yake.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni hii: muda unaandikwa kwa maneno ya nyumbani, "saa 2 asubuhi baada ya uji", "saa 2 usiku kabla ya kulala", hakuna 8:00, hakuna 0800, hakuna 20:00. Karatasi ya hospitali ikija na saa za kizungu anayeipokea anaigeuza pale pale, na mtu wa pili anaisoma kwa sauti kuhakikisha.

Na sio saa tu, kuna lugha nzima ya bahasha ya dawa ambayo tunaona kawaida kumbe haieleweki. Chukua bahasha za zamani za dukani na za zahanati, zimwage mezani, kila mama achague moja aisome kwa sauti aseme angefanyaje. Nimesikia haya yote kwa masikio yangu. 1x3 ambayo maana yake ni kimoja mara tatu kwa siku, mtu anasoma kimoja kila masaa matatu. 5/7 ambayo maana yake ni siku 5, mama anasoma tarehe 5 mwezi wa 7, na kweli inafanana kabisa na tarehe. Alafu "kutwa mara tatu", hii ndo imejificha kuliko zote, maana kutwa kwa Kiswahili cha nyumbani ni mchana, jua linapowaka, kwahiyo mama anatoa asubuhi, mchana na saa 12 jioni, kamaliza mara tatu zake, usiku mzima mtoto hana dawa mwilini mpaka kesho yake. Kama ni amoksilini ya kutwa mara tatu mwambie ni kila baada ya masaa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Andika hizo saa tatu kwenye bahasha kwa mkono wako.

Wafundishe pia kutokuondoka dirishani. Iwe famasi ya hospitali au duka la dawa muhimu mtaani, mama ana haki ya kusema "naomba unielekeze kwa maneno na uniandikie kwa Kiswahili, nina watoto wengi". Fanyeni igizo, wewe kuwa muuzaji mwenye haraka, yeye ang'ang'anie kuuliza: dawa hii ya nini, kiasi gani, saa ngapi, siku ngapi, na chakula au bila chakula, na akitapika nifanyeje. Wengi wanaona aibu kuuliza mtu wa dukani, ile aibu inatoka kwa kufanya mazoezi tu, hakuna njia nyingine.

Chupa zinazofanana nazo zinataka somo lake. Amoksilini ya unga ipo ya miligramu 125 kwa mililita 5 na ipo ya miligramu 250 kwa mililita 5, boksi zinafanana kama mapacha, mililita 5 ya hii sio sawa na mililita 5 ya ile, ni mara mbili. Kwahiyo kwenye daftari usiandike "amoksilini mililita 5" ukaishia hapo, andika na nguvu yake. Na kuichanganya wafanye mbele yako kwa mikono yao: gonga chupa unga uachie, maji yaliyochemshwa yakapoa, jaza kidogo tikisa, jaza mpaka kwenye mstari, tikisa tena, subiri povu lishuke, uangalie mstari kama bado upo sawa. Andika tarehe uliyochanganya na tarehe ya kumwaga kama lebo inavyosema, nyingi ni siku 7. Kubakiza nusu chupa ili mtoto mwingine akikohoa mwezi ujao apewe, hilo likatae wazi kabisa. Najua akina mama wanasikia uchungu kumwaga dawa iliyonunuliwa kwa hela, hata mimi nauelewa huo uchungu, lakini imwagwe.

Dawa ya mseto ya malaria ifundisheni kwa ratiba ya kuandika, usimwachie mama ahesabu usiku. Dozi inafuata uzito, kwa vidonge vya kawaida vya 20/120 (miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine) mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 kidonge 1 kila dozi, 15 mpaka chini ya 25 vidonge 2, 25 mpaka chini ya 35 vidonge 3, kuanzia 35 vidonge 4, na dozi ni 6 ndani ya siku tatu. Shida ipo kwenye dozi ya pili, inakuja masaa 8 baada ya ya kwanza na sio 12. Mfano mtoto kaanza leo saa 3 usiku, ya pili saa 11 alfajiri, ya tatu kesho saa 3 usiku, alafu saa 3 asubuhi, saa 3 usiku, saa 3 asubuhi, kwisha. Ile ya saa 11 alfajiri ndo inayolalwa, kwahiyo alamu iwekwe kwenye simu mama akiwa darasani na wewe unaangalia. Na mtoto ale kitu chenye mafuta kidogo, maziwa, uji wa karanga, chapati, dawa inaingia mwilini vizuri zaidi. Akitapika ndani ya nusu saa dozi inarudiwa, na akitapika tena hiyo ni safari ya hospitali, sio ya kujaribu mara ya tatu. Homa ikiisha siku ya pili vidonge vinaendelea mpaka viishe.

Za kila siku sasa. ARV zina mambo mawili, saa na siri. Vile vidonge vya watoto vya kuyeyusha vya dolutegravir vinayeyushwa kwenye maji safi na mtoto anywe ndani ya dakika 30, kikombe kisuuzwe na maji kidogo anywe na hayo. Kitu ambacho mama wengi hawajaambiwa ni kwamba dawa hii haipatani na vidonge vya madini vikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu, dawa ya kuongeza damu, kalsiamu, zinki ya kuharisha. Kwa kawaida ARV inatangulia masaa mawili au inakuja masaa sita baada ya hivyo vingine, wapigieni CTC, ile kliniki ya VVU, wawapangie ratiba, na mtoto akianzishwa dawa za TB CTC wajue siku hiyo hiyo kwa sababu dozi ya dolutegravir inabadilika. Kwenye siri, kopo lisikae juu ya kabati la sebuleni. Watoto wenzake wanaona, wageni wanaona, na wafadhili wakija na kamera wanapiga picha bila kujua. Usimwite mtoto kwa sauti mbele ya wenzake "njoo umeze dawa zako". Nyumba ikiwa na utaratibu kwamba kila mtoto kwa zamu yake anaingia chumbani kwa mama jioni kwa mazungumzo ya dakika tano, anayemeza na asiyemeza wote wanaingia, hakuna anayejulikana. Hii nimeiona ikifanya kazi vizuri mnoo na imewapa watoto wote muda na mama yao.

Kifafa kifupi tu: dawa haikatwi ghafla hata siku moja, kukatisha kunaweza kuleta degedege lisilokoma, kwahiyo kidonge cha mwisho kisisubiriwe, zikibaki za wiki mbili mama atoe taarifa. Na mtoto akiwa kwenye degedege hakuna kitu kinaingia mdomoni, si kijiko, si dawa, si maji. Sikoseli, wenye dawa ya hydroxyurea, anayeishika avae glavu, na mama au dada mjamzito asiishike kabisa.

Namna yenyewe ya kumpa. Mtoto akae wima, sirinji iingie pembeni ya shavu, sukuma kidogo kidogo ameze. Kumbana pua na kummiminia huku analia tumezoea kuona kwa bibi zetu lakini dawa inaweza kuingia kwenye mapafu. Usichanganye dawa kwenye bakuli zima la uji maana akiacha nusu hujui kameza kiasi gani, weka kwenye kijiko kimoja cha uji baada ya kumuuliza mfamasia kama dawa hiyo inaruhusu. Usimwambie ni pipi. Siku atakayolikuta kopo wazi atakula pipi zake.

Kabla dawa haijaingia mdomoni kuna maswali ya kujiuliza kila mara, ni mtoto huyu, ni dawa hii, ni kiasi hiki, ni njia hii, ni saa hii, na hajapewa tayari. Usiwakaririshe kama shairi, wafanye wakisema kwa sauti huku kidole kipo kwenye lebo. Kwenye makao yetu majina yanajirudia, ukiwa na kina Neema wawili nyumba moja picha ndogo ya mtoto ibandikwe kwenye ukurasa wake wa daftari, shangazi mgeni hatajua Neema yupi. Na tiki inawekwa baada ya mtoto kumeza, na jina la aliyempa. Nimekuta madaftari yametikiwa mpaka Ijumaa na leo ni Jumatano, nilikaa na mama tukaongea polepole kumbe aliambiwa na msimamizi aliyepita kwamba ukaguzi ukija daftari lisiwe na nafasi wazi. Waambie nafasi wazi inaruhusiwa, ilimradi pameandikwa kwanini: alikataa, alitapika, dawa iliisha.

Hilo linanileta kwenye makosa. Yatatokea. Siku ya kwanza ya mafunzo tangaza mbele ya mkurugenzi, yeye mwenyewe akiwepo na akikubali kwa mdomo wake, kwamba mama atakayepiga simu dakika ile ile kusema nimekosea dawa hatafukuzwa wala kukatwa mshahara kwa kusema. Bila hiyo ahadi kila kitu nilichoandika hapo juu ni bure kwa sababu watakuficha na mtoto ataumia kimya kimya. Namba za kupiga ziwe ndani ya mlango wa kabati la dawa kwa maandishi makubwa, muuguzi, msimamizi, hospitali ya karibu, dereva au bodaboda wa usiku. Akizidishiwa au akila dawa asiyopewa, asitapishwe, asinyweshwe maziwa wala mafuta, chupa na mtoto vyote viende hospitali hata kama anacheza.

Kuhusu nani anaruhusiwa, msimamo wangu ni mkali kidogo. Hakuna anayetoa dawa peke yake mpaka umemwona akitoa kwa usahihi mara tatu, siku tofauti, angalau moja iwe usiku. Ndipo unasaini jina lake. Shangazi naye hivyo hivyo, na dada wa kazi au mgeni wa kujitolea aliyekuja mwezi mmoja hata kama kwao ni daktari, hagusi kabati. Mama akienda likizo makabidhiano yanafanyika mbele ya kabati, sio kwa simu: wanahesabu vidonge wote wawili, wanasoma ukurasa wa kila mtoto, wanasaini. Dakika 20 tu. Kila miezi sita rudi ukae tena na kila mmoja uangalie mikono yake, na kila miezi mitatu watoto wapimwe uzito na dozi zipitiwe, mtoto wa makao akipata chakula cha uhakika anaongezeka haraka.

La mwisho, wakubwa. Mtoto wa miaka 12, 13 anayemeza kila siku aanze kushika dawa yake mwenyewe mama akiwa pembeni, kwanza anaitoa kwenye kopo mwenyewe, baadae anatiki mwenyewe, baadae anaikumbuka bila kuitwa, baadae anaenda kliniki na kujieleza mwenyewe mbele ya daktari mama akiwa amekaa benchi la nje. Mpe mama karatasi ya hatua hizo nne na tarehe, kwa kila kijana wake, maana akifika 18 anaondoka na begi lake na lile kopo, na kadi ya kliniki iwe mkononi kwake siku hiyo, na jina la kituo atakachohamia liwe limeshaandikwa.